Nani ashike kisu: Madaktari na mageuzi ya uzazi Msumbiji



Mwaka 1984 Wizara ya Afya ya Msumbiji ilianza kuwafundisha watu wasio madaktari kazi ambayo katika nchi nyingi sheria na desturi ya taaluma huwaachia madaktari peke yao. Kazi hiyo ni kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, kumtoa mtoto, kuizuia damu na kumshona mama. Waliochaguliwa walikuwa waganga wasaidizi na wauguzi waliokwisha kufanya kazi vijijini. Walisomeshwa kwa miaka mitatu: miwili katika Hospitali Kuu ya Maputo, na wa tatu wa mazoezi katika hospitali za mikoa. Walipohitimu walipewa cheo ambacho kwa Kiswahili kingeweza kuitwa Fundi Sanifu wa Upasuaji, wakapelekwa wilayani.

Mazungumzo haya yanahusu jinsi mafundi hao walivyopokewa na wataalamu wenzao wa afya, na hasa madaktari. Historia yao inastahili kusikilizwa na watumishi wa umma wa kila idara, maana kila idara ina kazi ambayo wenye shahada huiona kuwa ni yao peke yao, na kila idara ina watu wasio na shahada ambao huifanya kazi hiyo pale ambapo mwenye shahada hayupo.

Hali ya Msumbiji wakati huo ilikuwa ngumu kupita kiasi. Uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975, Wareno wengi walikuwa wamekwisha kuondoka au wanafunga mizigo. Kati ya madaktari wapatao mia tano na ushee waliokuwapo kabla ya uhuru, waliobaki hawakufika mia moja, na wengi wa hao walikuwa mijini. Madaktari wa nchi rafiki walikuja kusaidia, lakini walikuja kwa mikataba ya muda mfupi, na wengi hawakuijua lugha ya wagonjwa wala ya wauguzi. Kisha vita vya RENAMO vilivyoanza mwaka 1977 vikaenea nchi nzima. Vituo vya afya vilichomwa moto, barabara zikategwa mabomu, na safari ya kutoka wilayani hadi mkoani ikawa ni ya kubahatisha maisha. Amani haikutiwa saini, huko Roma, mpaka tarehe 4 Oktoba 1992.

Yafaa kufahamu maana ya barabara hiyo kwa mama mjamzito. Uchungu pingamizi, yaani uchungu ambao mtoto hawezi kupita njia ya kawaida kwa sababu nyonga ni nyembamba au mtoto amelala vibaya, hausubiri msafara wa kijeshi. Mfuko wa uzazi huendelea kubana. Baada ya saa nyingi mtoto hufa kwa kukosa hewa. Kwa mama aliyekwisha kuzaa mara nyingi, mfuko wenyewe huweza kupasuka, naye akafa kwa kutokwa na damu ndani ya mwili bila hata tone kuonekana nje. Kwa msichana anayezaa kwa mara ya kwanza, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini za kibofu mpaka zikafa, na akinusurika hubaki na fistula, akivuja mkojo mchana na usiku, mara nyingi akiwa ameachwa na mumewe. Mkunga hodari huweza kuitambua hatari hii mapema, lakini kuitambua hakuiondoi. Kinachoiondoa ni upasuaji, nao unataka mtu aliyepo hapo hapo, usiku huo huo, mwenye taa, dawa ya usingizi, damu na mkono uliofundishwa.

Hiyo ndiyo hesabu iliyokuwa mezani mwaka 1984. Waziri wa Afya alikuwa Pascoal Mocumbi, mmoja wa vijana waliohudhuria kuzaliwa kwa FRELIMO mjini Dar es Salaam mwaka 1962, na ambaye baadaye, kuanzia mwaka 1994 hadi 2004, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo. Mocumbi mwenyewe alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Wapasuaji na wakunga bingwa wa Hospitali Kuu ya Maputo ndio waliokubali kuwafundisha wanafunzi hao kwa mikono yao. Kwa hiyo wanaosimulia habari hii kana kwamba wanasiasa waliwanyang'anya madaktari kisu wanaipotosha. Taaluma iligawanyika yenyewe kwa yenyewe. Upande mmoja ulifundisha, upande mwingine ulitilia shaka.

Na waliotilia shaka walikuwa na hoja. Si haki kuzifagia zote kwa ufagio mmoja na kuziita kasumba, ingawa kasumba nayo ilikuwamo. Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba upasuaji si kukata na kushona tu. Kukata hufundishika kwa miezi. Lililo gumu ni kuamua: huyu apasuliwe sasa, yule asubiriwe saa mbili, na huyu mwingine asipasuliwe kabisa kwa sababu mtoto amekwisha kufa na iko njia nyingine ya kumwokoa mama. Tena iko siku ambayo ndani ya tumbo hukutwa jambo lisilotarajiwa, na siku hiyo, walisema madaktari, ndipo miaka sita ya chuo kikuu hujidhihirisha.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi, nayo ilitoka katika kinywa cha mapinduzi yenyewe. Serikali iliyotaifisha matibabu mwezi Julai 1975, ikasema mkulima na mwenye mali watatibiwa sawa, iliwezaje sasa kumpa mke wa mkulima fundi, na mke wa ofisa wa Maputo daktari bingwa? Je, hiyo haikuwa tiba ya daraja la pili iliyovikwa nguo za ukombozi? Swali hili lilistahili jibu, na jibu la maneno matupu lisingetosha.

Lakini swali hilo lina kasoro moja ndani yake. Linamlinganisha fundi na daktari, hali ya kuwa usiku ule wilayani daktari hayumo katika mizani. Kilicho upande wa pili wa mizani ni barabara iliyotegwa mabomu. Mtu anayekataa fundi kwa jina la usawa anapaswa pia kusema mama afanye nini mpaka usawa ufike. Wapo madaktari walioliona hilo upesi, hasa wale waliokuwa wamefanya kazi wilayani wakiwa peke yao. Waliochelewa kuliona, kwa kawaida, ni wale ambao hawakuwahi kuondoka kwenye hospitali kubwa.

Palihitajika kupima. Hapa ndipo sifa ya madaktari wa Msumbiji ilipo, maana hawakuridhika kubishana. Katika Hospitali Kuu ya Maputo walizifuatilia operesheni za uzazi zilizofanywa na mafundi, 958 kwa idadi, wakazilinganisha na 1,113 zilizofanywa na madaktari bingwa katika hospitali hiyo hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 1996 na kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Caetano Pereira, ambaye mwenyewe ni daktari. Katika yote yaliyopimwa, tofauti iliyokuwa dhahiri ni moja: kwa wagonjwa wa mafundi, kidonda cha juu kiliachia mara nyingi zaidi kwa sababu ya damu kuvilia chini ya ngozi. Hilo ni kosa la ushonaji na la kuzuia damu. Linaumiza, linamrefushia mama siku za kulala wodini, na linaweza kusahihishwa kwa kufundisha zaidi.

Wenye shaka walijibu kwamba Maputo si wilayani. Fundi anayepasua huku bingwa yuko chumba cha pili si sawa na fundi aliye peke yake. Pingamizi hilo lilikuwa la haki, na uchunguzi haukuishia mjini. Hesabu za mwaka 2002 zilionyesha kwamba katika nchi nzima mafundi walikuwa wakifanya asilimia 57 ya upasuaji mkubwa wa uzazi. Katika hospitali za wilaya, peke yake, walikuwa wakifanya asilimia 92. Maana ya tarakimu hiyo ya pili ni nzito. Msumbiji ya vijijini ilikwisha kuwategemea mafundi kwa karibu kila mama aliyehitaji kisu, wakati katika mikutano ya wataalamu bado ilijadiliwa kama waruhusiwe.

Nchi nyingine zilikuwa zimepita njia hiyo hiyo, baadhi kabla ya Msumbiji. Tanzania ilianza mwaka 1963 kuwafundisha Madaktari Wasaidizi, watu waliokwisha kuwa waganga kazini, na vizazi kadhaa vya akina mama wa wilayani vilipasuliwa na mikono yao. Kwa muda mrefu hakuna aliyepima sawasawa kazi hiyo. Ilifanywa tu, kama vile mtu anavyolima shamba asilolipima. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009, uliopitia zaidi ya operesheni kubwa za uzazi 1,000 katika mikoa ya Mwanza na Kigoma, haukuona tofauti ya maana kati ya kazi ya Daktari Msaidizi na ile ya daktari kamili. Malawi nayo ilikuwa ikiwategemea matabibu wake kwa sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika wilaya. Na katika Zaire ya wakati huo, wauguzi waliofundishwa walikuwa wakipasua akina mama katika sehemu ambazo daktari alikuwa habari ya kusikia.

Mwaka 2011 watafiti walizikusanya pamoja tafiti sita za namna hii, zenye akina mama zaidi ya 16,000 kutoka nchi kadhaa za Afrika. Vifo vya akina mama na vya watoto havikutofautiana kwa kiasi cha kuwahukumu wasio madaktari. Vidonda kuingia vijidudu na kuachia vilikuwa vingi zaidi upande wao, kama Maputo ilivyokwisha kuonyesha. Ni haki pia kutaja kwamba uchunguzi wa Burkina Faso uliotangazwa mwaka 2009 ulikuta vifo vya watoto wachanga vikiwa vingi zaidi pale ambapo kikundi cha upasuaji kiliongozwa na asiye daktari. Mtoto anayetolewa akiwa hapumui hamtegemei mpasuaji peke yake. Anamtegemea anayempokea, kifaa cha kumpulizia hewa, na wote walio chumbani. Anayezitumia tafiti hizi kutetea mafundi bila kuitaja Burkina Faso anafanya siasa, na anayeitaja Burkina Faso peke yake anafanya siasa hiyo hiyo kinyume chake.

Basi hoja ya usalama ilipimwa, na sehemu kubwa ikajibiwa. Likabaki jambo ambalo madaktari hawakuwa wakilizungumza sana: nani anabaki?

Watafiti wa Msumbiji waliwafuatilia mafundi waliopelekwa hospitali za wilaya, na madaktari waliopelekwa vivyo hivyo. Baada ya miaka saba, mafundi 88 katika kila mia walikuwa bado wako kwenye hospitali za wilaya. Kati ya madaktari hakubaki hata mmoja. Tarakimu hizo, zilizotangazwa mwaka 2007, zilisomwa na wengi kama shutuma kwa madaktari, nao baadhi yao waliona uchungu. Lakini daktari kijana aliondoka kwa sababu taaluma yenyewe imejengwa hivyo. Ubingwa unasomwa mjini, cheo kinapatikana mjini, na mwenye miaka saba wilayani huonekana kama aliyesahauliwa. Fundi alibaki kwa sababu hapakuwa na ngazi nyingine ya kumpandisha. Uaminifu wake kwa wilaya, unaosifiwa sana katika hotuba, kwa kiasi fulani ulikuwa ni mlango uliofungwa.

Hapa ndipo yafaa kukaa kidogo, kwa sababu hapa mageuzi yenyewe yalipoonyesha doa.

Mwaka 2007 ilitangazwa kazi ya watafiti waliokwenda kuwasikiliza wataalamu wa afya, wakiwamo madaktari na wauguzi wa afya ya mama na mtoto, na kuendesha majadiliano katika hospitali nane za vijijini. Swali lilikuwa moja: wanawaonaje mafundi wa upasuaji? Majibu yaliwashangaza waliotazamia ugomvi. Watumishi wa ngazi zote waliridhika na kazi ya mafundi. Walitaja maisha yaliyookolewa. Walitaja rufaa zilizopungua, na gharama zilizowaondokea ndugu wa wagonjwa. Jambo hili la gharama huwaponyoka watunga sera, lakini kila mwenye ndugu kijijini analijua. Rufaa ni nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza, ni chakula cha mjini, ni pa kulala, ni shamba lililoachwa bila mlinzi, na pengine ni maiti inayotakiwa kurudishwa kwa gari la kukodi.

Wauguzi wa wodi za wazazi walikuwa na sababu yao ya pekee. Wao ndio waliokaa na mama usiku kucha, wakimwambia avumilie, wakijua kwamba gari haliji. Mtu aliyepitia usiku wa namna hiyo haulizi sana kama anayekuja na kisu alisoma miaka mitatu au sita.

Kwa hiyo, miaka ishirini na ushee baada ya kozi ya kwanza, mioyo ya wataalamu ilikuwa imegeuka. Ila majadiliano hayo hayo yalifichua kwamba mafundi hawakuridhika na hadhi yao wala mshahara wao. Walifanya kazi ya daktari, wakabeba lawama ya daktari mgonjwa alipokufa, lakini walilipwa na kupangwa kama watumishi wa kati. Sifa zilitolewa kwa mdomo; daftari la mishahara halikusikia.

Mwaka huo huo wa 2007 hesabu nyingine ilionyesha kwamba, ukichukua gharama za mafunzo na mishahara kwa muda wa miaka thelathini, operesheni moja ya fundi iliigharimu Msumbiji karibu dola 39, na ya daktari bingwa karibu dola 144. Tarakimu hizo zilipokelewa kwa furaha na wengi, hasa mashirika ya nje, kama ushahidi kwamba mageuzi ni nafuu. Yafaa kuuliza unafuu huo ulitoka wapi. Sehemu yake ilitoka kwenye mafunzo mafupi, na hiyo ni halali. Sehemu yake ilitoka kwenye mfuko wa fundi mwenyewe, na hiyo si ya kujivunia.

Tena liko jambo katika historia ya Msumbiji linaloifanya habari hii iwe chungu zaidi. Hospitali Kuu ya Maputo, walikosomea mafundi hao, wakati wa ukoloni iliitwa Miguel Bombarda. Katika hospitali hiyo alisoma na kufanya kazi muuguzi kijana aliyeitwa Samora Machel. Moja ya mambo yaliyomwudhi pale, kama inavyojulikana katika habari za maisha yake, ni kwamba muuguzi mweusi alilipwa kidogo kuliko muuguzi mweupe kwa kazi ile ile. Muuguzi huyo ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa nchi hiyo, na mafunzo ya mafundi yalianzishwa akiwa madarakani, miaka miwili kabla ya ajali ya ndege iliyomwua mwezi Oktoba 1986. Ubaguzi wa rangi na tofauti ya vyeti si kitu kimoja, na hakuna mwenye akili atakayevichanganya. Lakini anayeshika kisu kile kile, kwa mgonjwa yule yule, saa zile zile za usiku, ana haki ya kuuliza mizani ya malipo imepangwa na nani.

Huenda hata jina lilichangia. Katika Kiswahili neno fundi halina dharau. Fundi ndiye anayejua, na mwanafunzi hukaa miguuni pake. Katika lugha za Ulaya zilizoachwa na wakoloni maofisini, neno linalolingana nalo lina maana ya mtu wa chini ya mtaalamu, anayetekeleza yaliyoamuliwa na mwingine. Lakini fundi wa upasuaji wilayani haamuliwi na mtu. Saa nane za usiku yeye ndiye anayeamua, na hilo ndilo hasa lililokuwa hofu ya kwanza ya madaktari.

Ndugu watumishi, wanaosimamia ngazi za mishahara na miundo ya utumishi wanalijua tatizo hili bila kwenda Msumbiji. Mwalimu asiye na shahada anayefundisha kidato kizima kwa sababu aliyepangiwa hakuripoti ni ndugu wa fundi huyu. Ofisa anayekaimu cheo kwa miaka bila kuthibitishwa ni ndugu yake pia. Madaktari wa Msumbiji walihitaji zaidi ya miaka kumi na tafiti kadhaa ili kukubali kwamba kazi inafanyika. Idara ya utumishi haikuhitaji utafiti wowote kujua kwamba kazi hiyo hailipwi ipasavyo. Ilihitaji kusoma orodha yake yenyewe.

Baadaye mafunzo ya mafundi wa upasuaji yalipandishwa na kufikishwa ngazi ya shahada katika chuo cha juu cha sayansi ya afya mjini Maputo. Madaktari walioyaunga mkono mageuzi tangu mwanzo waliliona hilo kuwa ni deni linalolipwa. Lakini shahada ni pasi ya kusafiria pia. Wale 88 katika kila mia waliobaki wilayani kwa miaka saba walibaki wakiwa hawana pasi hiyo. Warithi wao wanayo, na wodi ya wazazi ya wilaya ndiyo itakayoona kwanza kama wanaitumia kuondoka.